Maji yatatoka wapi? Stori ya faya wa kujitolea huku vijijini Pennsylvania

Kuna kauli moja kila Mtanzania ameshaisikia. Nyumba inaungua, watu wamejaa barabarani, gari jekundu linafika, halafu haipiti muda inaanza kuzunguka mdomo kwa mdomo, "wamekuja bila maji." Mi mwenyewe nimeshaisema, tena kwa hasira. Nimechukua miaka mingi na nimekuja kuishi mbali sana na kwetu ndo nikaelewa kwamba kauli ile ina hesabu ndani yake, na kwamba watu wa vijijini huku Marekani wameipigia hiyo hesabu kwa karibu miaka mia mzima.

Ila nianze nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na moja, Marangu, Kilimanjaro, nyumba ya jirani yetu ikashika moto usiku. Faya hata hatukuwawaza, mjini mbali. Mama mmoja akapiga yowe na kijiji chote kikatoka, wanaume wakaanza kukata migomba na kutupia vigogo vibichi kwenye moto maana mgomba umejaa maji, wanawake na ndoo, sie watoto tukawa tunatoa vitu nje, godoro, sufuria, cherehani. Mfongo, yani mfereji wa maji wa kijiji, ulikuwa unapita hatua chache tu chini ya ile nyumba. Sasa wanaojua mifongo ya Uchagani wanajua maji ni ya zamu, na usiku ule zamu ilikuwa ya watu wa upande mwingine, mfereji mkavu, matope tu. Vijana wawili wakakimbia kupanda juu kwenda kufungulia. Maji yalifika. Nayakumbuka yanavyoingia taratibu kwenye mfereji yakiwa yamebeba majani makavu mbele, na paa lilikuwa limeshaanguka.

Hakuna aliyekosea usiku ule, watu walikuja wote, walijituma mpaka mikono ikababuka. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amejiuliza kabla, siku ya kawaida tu, jua linawaka, kwamba hapa kukiwaka maji yatatoka wapi.

Sasa hivi naishi Pennsylvania mwaka wa tisa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti za usiku, na kijiji chenyewe ni barabara mbili zinakutana, kanisa, duka la pembejeo na jengo la faya. Hilo jengo la faya nililipita miezi nadhani sita nikijua ni la serikali. Siku moja Jumamosi nasikia harufu ya kuku wa kuchoma, kuku haswa, nikasogea, nakuta wazee wamejenga jiko refu la matofali ya saruji wanageuza nusu nusu za kuku mamia kwa mamia na foleni ya magari imefika barabarani. Nikanunua mbili. Nikauliza hii sherehe ya nini, mzee mmoja akaniambia hii si sherehe, tunanunua matairi ya gari la maji.

Yani nilisimama pale nikashangaa. Gari la zimamoto, matairi yake yananunuliwa na kuku.

Ndo nikajua. Huku faya ya kijiji inaitwa "kampuni" lakini sio kampuni ya biashara, ni chama cha majirani, wana katiba yao, wanachagua viongozi, wanafanya mkutano kila mwezi, na hakuna anayelipwa. Fundi magari, mwalimu, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, dereva wa basi la shule. Nchi nzima takwimu za 2020 zinasema faya wa Marekani walikuwa zaidi kidogo ya milioni moja na kati yao 676,900 ni wa kujitolea, yani karibu wawili katika kila watatu. Sinema zinatuonyesha wale wa New York wanateremka kwenye nguzo, lakini ukitoka nje ya miji mikubwa, anayekuja kukuokoa ni jirani yako aliyeacha chakula mezani.

Mwezi uliofuata nikajaza fomu.

Chimbuko la utaratibu huu liko humu humu Pennsylvania. Mwaka 1736, Philadelphia, Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, na wenzake walianzisha Union Fire Company, watu thelathini. Kila mwanachama alitakiwa kuwa na ndoo zake za ngozi, ziko tayari muda wote, na mifuko na vikapu imara vya kutolea vitu vya watu kabla havijaungua (nilivyosoma hapo nikaikumbuka ile cherehani). Wanakutana mara moja kwa mwezi wanazungumzia habari za moto, ukikosa mkutano unapigwa faini, na zile faini ndo zikanunua mashine za kusukuma maji, ngazi na kulabu. Watu wakataka kuingia zaidi, Franklin akashauri waanzishe kundi lao, likaja la pili, la tatu, mpaka mji ukajaa. Mimi kinachonigusa sio jina la mtu mkubwa, ni ile faini. Kukimbilia moto kila binadamu anaweza, hata sisi tulikimbia. Wale waliamua kwamba kosa ni kukosa mkutano, siku ambayo hakuna kinachoungua.

Halafu miji ikaenda zake. Cincinnati mwaka 1853 ikaanza kuwalipa faya wake mshahara na ikaingiza mashine ya mvuke, mashine moja ikawa inafanya kazi ya wanaume wengi wa kupampu kwa mikono. New York ikafuata 1865, Philadelphia yenyewe 1871. Miji ikawa na mabomba chini ya barabara, unachomeka hosi maji yanakuja. Vijijini hakuna bomba na hakuna pesa ya mvuke. Huo huo mwaka 1871, tarehe 8 Oktoba usiku, Chicago iliungua na dunia nzima inaikumbuka, watu kama 300 walikufa. Usiku ule ule, kaskazini zaidi, jimbo la Wisconsin, moto wa msitu ukaufagia mji wa wakata mbao unaoitwa Peshtigo pamoja na vijiji vya jirani, na waliokufa wanakadiriwa kati ya 1,200 na 2,500, hakuna moto mwingine kwenye historia ya Marekani ulioua watu wengi hivyo. Waliopona wengi ni waliojitosa mtoni wakakaa na maji shingoni usiku kucha. Muulize mtu yeyote habari za Chicago atakwambia. Peshtigo hawaijui, na mi naona hilo peke yake linakueleza mtu wa kijijini alikuwa anahesabiwaje.

Kilichobadilisha vijiji ni gari. Karne ya ishirini inaanza, zinakuja lori, na mtu akapata wazo ambalo leo linaonekana la kawaida kabisa: kama maji hayapo kwenye moto basi tuyabebe. Wakulima wakaanza kuchanga. Kampuni nyingi za vijijini zilizaliwa miaka ya 1920 mpaka 1950 na stori zake zinafanana sana, ghala la mtu limeungua, gari la mji wa jirani limechelewa au halikuja kabisa, wiki inayofuata watu wamekutana kwenye shule au ukumbi wa kanisa, wamechanga, wamenunua gari kuukuu. Baada ya vita kuu ya pili magari ya jeshi yaliyobaki yakawa yanashuka vijijini, na mpaka leo kuna mpango kupitia idara ya misitu ya serikali kuu wa kuwaazima faya wa vijijini magari ambayo jeshi limemaliza nayo, wao wanapaka rangi, wanachomelea tenki, wanafunga pampu.

Na hapa wengine walikufa, naomba niseme kwa kirefu maana watu hawalijui hili. Mafundi wa vijijini walikuwa wanachukua lori la maziwa au la mafuta wanaligeuza la maji. Petroli lita moja ni kama robo tatu ya kilo. Maji lita moja ni kilo kamili. Tenki la lita 8,000 lililotengenezwa kubeba petroli lilikuwa linabeba tani sita, we ukijaza maji umeshaweka tani nane kwenye chasisi ile ile, breki zile zile. Na tenki la maziwa mara nyingi halina kuta za kugawa ndani, kwa hiyo ukikata kona maji yote yanahamia upande mmoja kama mtu mlevi ndani ya boti, gari linalala. Vijana wa miaka ishirini na kitu, wanawahi kwenda kusaidia, barabara nyembamba ya kijijini, gurudumu linashuka kwenye udongo, basi. Kitu cha kwanza nilichofundishwa kwenye gari la maji hakikuwa pampu, ilikuwa ni kwamba gari hili ama limejaa kabisa au liko tupu kabisa, nusu ndo inayoua. Na kwamba hulikimbizi, hata kama unauona moshi.

Sasa ile hesabu niliyosema. Gari letu la kwanza linabeba galoni 1,000, ni kama lita 3,800. Hosi moja ya kuingia nayo ndani inatumia kwenye lita 550 mpaka 600 kwa dakika. Piga mwenyewe, haifiki dakika saba. Ukifungua hosi mbili ni dakika tatu na kidogo na nyumba bado inawaka. Kwa hiyo siku hizi nikisikia "wamekuja bila maji" huwa najiuliza, walikuja bila maji kweli, au walikuja nayo yakaisha kabla hatujamaliza hata kusogeza watu pembeni? Gari lolote duniani likifika peke yake sehemu isiyo na bomba litaishiwa. Sio uzembe, ni hesabu.

Dawa yake wanayotumia huku ni ya kizamani na ni nzuri sana. Kuna bwawa la turubai zito na fremu ya chuma, limekunjwa ubavuni mwa gari kama meza. Unalishusha barabarani mbele ya nyumba, watu wawili wanalifungua, nusu dakika. Gari la maji linarudi kinyumenyume, linafungua mlango wa nyuma, zaidi ya lita elfu saba zinamwagika ndani kwa muda wa dakika mbili hivi, gari linaondoka hapo hapo kwenda kujaza tena, na lingine lilikuwa linasubiri nyuma yake, na la tatu liko njiani kutoka kijiji cha jirani. Pampu inafyonza kwenye lile bwawa. Kama mzunguko ukienda vizuri hosi haikatiki. Ukienda vibaya, mtu wa pampu anaona maji kwenye turubai yanashuka mstari kwa mstari na ndani ya nyumba kuna wenzake.

Huyo mtu wa pampu siku hizi mara nyingi ni mimi.

Usiku wangu wa kwanza wa moto mkubwa lilikuwa ghala la nyasi kavu, Novemba, ng'ombe wameshatolewa wamesimama shambani wanatoa mvuke. Kampuni sita zilikuja. Nilisimamishwa pembeni ya bwawa na kazi yangu ilikuwa moja, angalia maji, yakifika kwenye alama nyekundu piga kelele. Joto la ghala usoni, mgongoni baridi inauma, na mimi macho kwenye turubai. Yakashuka, yakashuka, vidole vinne juu ya ile alama, vitatu, nikaanza kuiona ile mfongo ya Marangu yenye matope tu. Halafu nikasikia honi ya lori linarudi kinyumenyume. Sikuwahi kupiga kelele usiku ule, masaa matano mazima hayakufika kwenye alama.

Kwenye lile bwawa tulikuwa wanne na wawili walikuwa Waamish, watu wa dhehebu la Kikristo wanaoishi kizamani. Wale ndugu hawamiliki magari, wanatumia farasi, lakini maeneo ya Lancaster County utawakuta wamejaa kwenye kampuni za faya. Hawaendeshi gari la zimamoto, wanapanda tu, ila wakishashuka sijaona watu wanaofanya kazi kama wao. Na kila mwisho wa baridi kwenda masika, ardhi ikianza kuyeyuka, wanafanya minada mikubwa ya kuchangia kampuni, inaitwa minada ya tope kwa sababu kweli mnasimama kwenye tope. Zinauzwa blanketi za viraka walizoshona kina mama baridi nzima, fenicha, farasi, majembe, keki. Wanunuzi wanatoka majimbo ya mbali. Pesa inaingia kwenye gari la faya. Na kina mama wa kampuni zote, Waamish na wasio Waamish, naomba wasisahaulike kabisa maana historia zinaandika picha za wanaume wamesimama mbele ya lori, lakini lori lililipiwa na supu, kuku, bingo na keki za ukumbini, miaka na miaka.

Kuitana nako kuna stori yake. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na mbiu yao kwanza ilikuwa kengele ya kanisa. Zikaja simu za laini moja watu wengi, opereta akipiga mlio mmoja mrefu kila nyumba inanyanyua inasikiliza shamba la nani. Katikati ya miaka ya 1930 mashamba kama tisa kati ya kumi yalikuwa hayana umeme, serikali ya Rais Roosevelt ikaanza kuupeleka vijijini na umeme ukaleta king'ora cha juu ya nguzo. Namba ya dharura ya 911, simu ya kwanza kabisa ilipigwa mwaka 1968, kamji kadogo Alabama kanaitwa Haleyville. Miaka ya 1970 zikaja peja za mkandani, vile vifaa vidogo vya kupokea wito. Mi ninayo, inalala kwenye stuli karibu na kitanda, na king'ora bado kipo, kikilia mbwa wote wa kijiji wanaitikia.

Na kuna siku peja zile zinaita kitu ambacho hakuna mazoezi yake. Tarehe 11 Septemba 2001 ndege ya nne kati ya zile zilizotekwa na magaidi, Flight 93, ilianguka shambani karibu na Shanksville, humu humu Pennsylvania, kijiji cha watu wasiofika 300. Abiria na wafanyakazi wa ndege 40 walikufa. Kati ya wa kwanza kufika walikuwamo faya wa kujitolea wa pale kijijini, walienda wakidhani watakuta wa kuokoa. Mwaka 2013, Aprili 17, mji mdogo wa West huko Texas, ghala la mbolea liliwaka moto, faya wa kujitolea wakaitika kama wanavyoitika siku zote, haikupita nusu saa tangu moto uripotiwe mbolea ikalipuka. Walikufa 15 na 12 kati yao ni watu waliokuwa wamekwenda kusaidia. Wana familia, wana kazi nyingine asubuhi. Lakini hata hizo sio zinazoua zaidi. Kinachoua faya wengi kazini huku ni moyo, mzee wa miaka sitini anatoka usingizini anavaa mzigo wa kilo ishirini na kitu anakimbia.

Tumezika mmoja wetu mwaka juzi, yule aliyeniambia habari za matairi. Miaka arobaini na sita kwenye kampuni. Kaburini wote tumewasha redio, mtu wa kituo cha kupokea simu anamwita kwa namba yake. Kimya. Anamwita tena. Kimya. Mara ya tatu anasema hajaitika, amemaliza zamu yake. Mjane wake alikuwa ameishika peja mkononi, haikuzimwa, na ilikuwa inaitoa ile sauti.

Mzee huyo ndo aliyeweka mabomba ya mabwawa. Hiki ndo kitu ninachotaka watu wa kwetu wakijue kuliko vyote nilivyoandika. Unachukua bomba la plastiki la inchi sita, ncha moja iko ndani ya bwawa au mto, chini kabisa, ina chujio, halafu linapita chini ya ardhi kina ambacho barafu haifiki, linatokeza kando ya barabara na mdomo wa kuchomeka hosi. Halina umeme, halina presha, halina kitu cha kuharibika. Gari likifika linachomeka linafyonza. Kufyonza kwenyewe pampu inatoa hewa tu ndani ya bomba, hewa ya nje ndo inayasukuma maji kupanda, kwa hiyo maji yasiwe chini ya pampu zaidi ya mita sita hivi, ukizidisha sana hayapandi hata uwe na injini ya treni. Mzee alizunguka kwa wakulima mmoja mmoja akiomba ruhusa. Alikuwa na daftari, kila shamba limechorwa, bwawa liko wapi, gari linageuzia wapi, kiangazi linakauka au halikauki. Ukisikia anwani ya moto unajua maji yako wapi kabla hujafunga buti.

Sasa tuna mabwawa, tuna mabomba, tuna magari matatu. Watu ndo wanaisha. Mwaka 1984 wa kujitolea nchi nzima walikuwa 897,750 na simu za dharura zilikuwa chache sana kuliko sasa. Jimbo letu ni baya zaidi, ripoti ya bunge la jimbo ya 2018 ilisema miaka ya 1970 walikuwa kama 300,000 na mwaka huo walikuwa wamebaki kama 38,000. Vijana wanaenda kufanya kazi mbali, mafunzo yamekuwa marefu, watu wana kazi mbili. Juzi mchana saa nane peja imeita tumefika watatu, mimi nimetoka shifti sijalala, mwalimu mstaafu, na binti wa miaka kumi na tisa. Tukachukua gari la maji peke yake tukawaachia majirani mengine. Inaniuma, sifichi, maana jengo lile nimelipenda.

Mdogo wangu yuko Marangu bado, ni fundi bomba. Mwezi uliopita nilimtumia picha za kurasa mbili za lile daftari, na mchoro wa bomba la inchi sita. Nikamwambia mfongo pale juu ya shule ya msingi kuna sehemu wanaweza kuchimba kabwawa, kakajazwa zamu za usiku, kakae kamejaa tu, na gari la faya likitoka mjini likute mdomo wa kuchomeka barabarani. Hakujibu siku nne nikajua amepuuzia.

Jumapili akanitumia voisi, anahema, nasikia upepo na watoto nyuma. "Bro nimepima. Toka kwenye mfongo mpaka barabarani ni hatua mia na arobaini, na inateremka vizuri tu. Mzee wa mfongo anasema tukae naye Alhamisi."